Shotigani ya kulinda nyumba Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili tunaoishi Marekani: Wakongo wa Louisville na Dallas, Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Houston, Warundi na Wanyarwanda waliotawanyika kila jimbo. Maswali ni yale ninayoulizwa na watu wanaokuja kujifunza kulenga shabaha, na mengine huulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, baada ya ibada au kwenye matanga. Sheria ninazozitaja ni za Marekani. Za jimbo lako zisome kabla hujatoa hata dola moja, maana zinatofautiana sana.

Mimi si raia. Naruhusiwa kumiliki bunduki?

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kwa sheria ya serikali kuu. Vivyo hivyo aliyeingia nchini kama mkimbizi au aliyekubaliwa hifadhi. Asiyeruhusiwa ni aliye hapa bila kibali, na pia aliye na viza ya muda, kama ya masomo, ya matembezi au ya kazi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache, kwa mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kesi yako ya hifadhi ikiwa bado inasubiri uamuzi, usiingie dukani kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji.

Dukani utajaza Fomu 4473. Inauliza uraia, hali yako ya uhamiaji, makosa ya nyuma, na kama unatumia bangi. Jibu ukweli mtupu. Bangi inaweza kuwa halali jimboni kwako na bado ikakuzuia kwenye fomu hiyo, kwa sababu fomu ni ya serikali kuu. Na asiye raia akiweka alama kwamba ni raia, hata kwa haraka au kwa kutoelewa Kiingereza, anaweza kuharibu maisha yake yote ya Marekani kwa alama hiyo moja. Nenda na mtu anayekuelewesha kila mstari. Muuzaji hatakucheka, na akikucheka, maduka ni mengi.

Umri: duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia shotigani aliye chini ya miaka 18, na baadhi ya majimbo yamepandisha hadi 21, kama Florida ilivyofanya mwaka 2018. Illinois inadai kadi ya FOID kwanza, yaani kitambulisho cha mwenye bunduki. New Jersey na Massachusetts nazo zina vibali vyao.

Kwa nini watu huchagua shotigani badala ya bastola?

Bei yake ni nafuu, majimbo mengi yana masharti mepesi kwa bunduki ndefu, na inashikwa kwa mikono miwili na bega, hivyo mtu asiye na mazoezi mengi hukosea kidogo kuliko akiwa na bastola. Ubaya wake ni urefu kwenye korido nyembamba na teke lake begani. Pia ukiwa umeishika huna mkono wa kumbeba mtoto, kushika simu wala kufungua mlango. Mama mwenye watoto wadogo alifikirie sana hilo la mwisho.

Ninunue ipi?

Ya kukoki kwa mkono, yaani unavuta kishikio cha mbele kwenda nyuma kisha mbele ili risasi iingie, ndiyo wengi huanza nayo. Remington 870 ipo tangu miaka ya 1950, Mossberg 500 tangu miaka ya 1960, na zote mbili vipuri na mafundi wake hawakosekani. Kosa linalowapata wengi wakiwa na hofu ni kukoki nusu: mkono unarudi nyuma kidogo tu, ganda halitoki au risasi mpya haiingii. Kukoki ni kwa nguvu, hadi mwisho nyuma na hadi mwisho mbele.

Kuhusu geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, 12 ndiyo ya kawaida, mtutu wake una upana wa milimita 18.5 hivi. Lakini geji 20 inatosha kabisa ndani ya nyumba na inapiga bega kwa upole zaidi. Bunduki ambayo mkeo au mumeo anaiogopa haimlindi. Kabla ya kununua, kila mtakayemruhusu kuitumia aipime: weka kitako ndani ya kiwiko kilichokunjwa, kidole kikifika kwenye kifyatulio bila kunyoosha, urefu unamfaa. Kisipofika, kuna vitako vifupi.

Onyo moja la lazima. Risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya manjano kwa sababu maalumu. Ikiingia kwa bahati mbaya ndani ya bunduki ya geji 12, inateleza na kukwama mbele ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi inayofyatuliwa. Ukiangalia chemba unaiona tupu. Unaweka ya geji 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa mbele. Geji mbili zisikae nyumba moja kama unaweza kuepuka. Zikikaa, risasi zake zisikae sanduku moja.

Usikate mtutu. Mtutu chini ya inchi 18, au bunduki nzima chini ya inchi 26, inaingia kwenye sheria ya mwaka 1934 na inahitaji kusajiliwa na kuidhinishwa na ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kabla haijaguswa na msumeno. Bila hivyo ni kosa kubwa la jinai, na kwa asiye raia hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini.

Kuwa "tayari" maana yake nini? Iwe na risasi chemba?

Hapana, na hapa ndipo ningeomba usome polepole.

Shotigani nyingi, sefti yake, yaani kitufe cha usalama, inafunga kifyatulio tu. Haizuii pini inayogonga risasi. Kwa hiyo bunduki yenye risasi chemba ikianguka kutoka juu ya kabati inaweza kulipuka hata kama sefti imefungwa. Polisi wa Marekani waliobeba shotigani kwenye magari yao ya doria walilijua hili, na utaratibu wao ndio ninaoufundisha: chemba tupu, risasi ziko kwenye bomba lililo chini ya mtutu, sefti imefungwa.

Inafanyika hivi. Toa risasi zote, chumba kizima kisiwe na risasi karibu. Fungua, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Tazama na bombani pia. Rudia. Funga. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu, kisha bonyeza kifyatulio. Utasikia mlio mkavu. Funga sefti. Sasa ndipo unajaza risasi kwenye bomba, na usikoki tena. Siku ya shida unakoki mara moja, risasi inapanda chembani, na bado sefti iko chini ya kidole chako. Usipobonyeza kifyatulio katika hatua ile, kikokeo, kile kishikio cha mbele, kitabaki kimejifunga na utakivuta bila mafanikio mpaka ubonyeze kitufe kidogo cha kukiachia. Kijue kitufe hicho kiko wapi kwenye bunduki yako. Kijue gizani.

Risasi zilizokaa bombani mwaka mzima zitoe uzitazame. Plastiki yake inaweza kuvimba au kubonyea kwa kusukumwa na springi, na risasi iliyoharibika umbo hukwama. Zilizozeeka zitumie kwenye mazoezi, weka mpya.

Naihifadhi wapi, ikiwa natakiwa kuifikia haraka?

Ndani ya kitu kilichofungwa. Siyo chini ya kitanda, siyo nyuma ya mlango, siyo ndani ya sanduku la nguo za sikukuu. Yapo makasha ya chuma yanayofungwa ukutani kwa skrubu kwenye nguzo ya mbao, yanafunika sehemu ya katikati ya bunduki, kifyatulio na kikokeo, na yanafunguka kwa namba. Mtu aliyeyazoea hufungua kwa sekunde chache bila taa. Yapo pia masefu marefu ya chuma yenye vitufe.

Kufuli ya waya hutolewa bure na vituo vingi vya polisi kupitia mpango wa Project ChildSafe, na ni nzuri, lakini inapita kwenye tundu la kutolea maganda na kutokea kwenye tundu la kujazia. Maana yake bunduki lazima iwe tupu kabisa. Anayeitumia hiyo aweke risasi kwenye kisanduku kingine chenye kufuli. Zile kufuli za kubana kifyatulio usiziweke kamwe kwenye bunduki yenye risasi. Kuziweka tu kunaweza kukisukuma.

Namba ya sefu isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Watoto wetu ndio wanaotujazia fomu na kututengenezea simu. Tarehe zetu zote wanazijua kwa moyo.

Lakini wanangu nimewaonya. Hawagusi.

Ndugu, wote tumewaonya. Na nyumba zetu hazina watoto wetu peke yao: kuna wa jirani, wa dada aliyekuja wikiendi, wa familia iliyofika juzi na inalala sebuleni mpaka ipate nyumba. Hao hujawaonya.

Fundisha hata hivyo. Mtoto akiona bunduki: asimame, asiguse, atoke, amwambie mtu mzima. Mrudishie somo hilo mara kwa mara. Ila somo halichukui nafasi ya kufuli.

Sheria nazo zimekaza. Michigan imeanza kudai bunduki zifungwe palipo na watoto tangu Februari 2024. Mwaka huohuo mama na baba wa kijana aliyeua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford, Michigan, Novemba 2021, walitiwa hatiani kila mmoja kwa kuua bila kukusudia, wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walioketi kizimbani mle walikuwa wazazi.

Nitumie risasi gani?

Watu wengi wanaofundisha ulinzi wa nyumba hupendekeza marisau makubwa, yaani risasi yenye vigololi kadhaa ndani yake. Yale yanayoandikwa 00 huwa na marisau manane au tisa, kila moja lina upana wa milimita 8 na kitu. Risasi za ndege, zenye chembe ndogo nyingi, ni za mazoezi. Haziaminiki kumsimamisha mtu. Risasi ya donge moja inapenya mno kwa nyumba za hapa.

Na nyumba za hapa zitazame vizuri. Wengi tumekulia ndani ya kuta za tofali au saruji. Ukuta wa ndani wa nyumba ya Marekani ni karatasi mbili za jipsamu na uwazi katikati. Marisau makubwa yanapita ukuta mmoja, wa pili, na bado yana nguvu ya kuua. Hakuna risasi ya kumsimamisha mtu ambayo haipiti jipsamu. Kwa hiyo, mchana kweupe, simama pale ambapo ungesimama usiku, nyoosha mkono kuelekea mlango, na ujiulize nyuma ya kila ukuta analala nani. Ukiishi ghorofa la kupanga, nyuma ya ukuta ni kitanda cha jirani. Familia nyingine baada ya zoezi hilo huamua kubadilisha chumba cha watoto; nyingine huamua kutonunua bunduki. Yote mawili ni maamuzi ya watu wenye akili.

Ni kweli shotigani haihitaji kulenga?

Si kweli. Kwa umbali wa chumba, marisau hayajatawanyika. Kundi zima linakuwa na upana wa kiganja au pungufu. Ukikosa, umekosa na yote tisa, na yote tisa yanaelekea mahali.

Wanasema mlio wa kukoki tu unamfukuza mwizi.

Huenda ukamfukuza, huenda ukamwonyesha ulipo. Usipange usalama wa familia juu ya mlio. Sauti yako ndiyo ya kutumia: "Polisi wanakuja! Nina bunduki! Toka!" Jifunze kuisema kwa Kiingereza, kwa nguvu, hata kama Kiingereza chako ni cha dukani.

Nimesikia kelele saa tisa usiku. Nifanye nini?

Jiulize kwanza nani hayupo kitandani.

Fikiria nyumba zetu zilivyo. Baba anatoka zamu ya ghala saa nane usiku. Mama ni muuguzi msaidizi, leo amemaliza mapema. Kijana amechelewa na anaingilia dirishani ili asisikike. Binamu amefika kwa basi kutoka jimbo jingine na alipewa ufunguo bila wewe kuambiwa. Shangazi aliyekuja kutoka Bujumbura hajazoea tofauti ya saa, anatafuta maji jikoni gizani. Mara nyingi sana mtu wa kwenye giza ni wa nyumbani, na ndiyo sababu nasema utayari wa nyumba ya Kiswahili unaanza na kujua nani yupo kabla ya kujua risasi ziko wapi.

Kwa hiyo wekeni utaratibu. Anayeingia usiku anatuma ujumbe au anapiga simu kabla ya kugusa kitasa, na akiingia anaita jina lake kwa sauti. Mgeni akilala, kila mtu anaambiwa, hata mtoto. Chagueni chumba kimoja chenye mlango mzuri na kitasa cha ndani. Kikitokea kitu, wote wanakusanyika humo. Mmoja anapiga 911, mmoja anahesabu watoto. Mwenye bunduki anakaa ndani ya chumba hicho akiangalia mlango. Usitoke kwenda kukagua nyumba. Kukagua korido peke yako gizani ni kazi ambayo polisi wenyewe huifanya wakiwa kundi, na mali iliyoko sebuleni haistahili.

Tochi ni lazima. Iwe na mwanga mkali na ikae pamoja na bunduki. Ile inayofungwa kwenye mtutu inafaa kwa sababu mikono yote miwili ina kazi, lakini usiitumie kumulika watu ovyo. Unapomulika kwa hiyo unamwelekezea mtutu unayemmulika. Mulika sakafu au dari, mwanga utarudi na utamwona. Hujamwona uso, hujaona mikono yake ina nini, kidole kinakaa nje ya kifyatulio.

Mtu asiyejulikana akigonga mlango usiku je?

Usifungue. Ongea kupitia mlango, piga 911.

Novemba 2013, Dearborn Heights, Michigan, msichana Mmarekani Mweusi wa miaka 19, aliyekuwa amepata ajali ya gari saa kadhaa kabla, aligonga nyumba ya watu alfajiri. Mwenye nyumba alichukua shotigani, akafungua mlango wa ndani, akampiga kupitia mlango wa wavu. Aliwaambia polisi mwanzoni kwamba hakujua kama kulikuwa na risasi. Mwaka 2014 baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa mauaji. Ninaisimulia kesi hii kila darasa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mlango ulikuwa umefungwa na yeye ndiye aliyeufungua. Ya pili, aliyekuwa nje angeweza kuwa binti wa yeyote kati yetu, amepotea njia na simu imezima.

Sheria inaniruhusu kufyatua lini?

Katika majimbo mengi hulazimiki kukimbia ukiwa ndani ya nyumba yako, na unaruhusiwa kutumia nguvu ya kuua pale unapoamini, kwa sababu ambazo mtu mwenye busara angezikubali, kwamba wewe au wa kwako mko karibu kuuawa au kuumizwa vibaya. Majimbo kadhaa yanakupa nafuu zaidi mtu akivunja na kuingia. Lakini haki hiyo inaisha hatari inapoisha. Akigeuka kukimbia, imeisha. Akianguka na hana nguvu tena, imeisha.

Siku ya sikukuu ya shukrani mwaka 2012, Little Falls, Minnesota, mwanamume mmoja aliyekuwa ameibiwa mara kadhaa aliwasubiri wezi kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Vijana wawili wakaingia, wa miaka 17 na 18. Hakuna aliyebisha kwamba waliingia kuiba. Aliwapiga, kisha akaendelea kuwapiga walipokuwa wameanguka, na sauti ilikuwa ikirekodiwa na kifaa chake mwenyewe. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Na mwizi wa gari barazani?

Mwache aondoke nalo. Bima italipa au haitalipa. Texas ina kifungu kinachozungumzia wizi wa usiku, chenye masharti mengi. Sikushauri uwe mfano wa kukitafsiri mahakamani.

Nikipiga 911 niseme nini?

Anwani kwanza, kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu simu inaweza kukatika. Kisha: kuna mtu ameingia, sisi tuko chumba gani, tuko wangapi, mimi nina bunduki, nimevaa nguo gani. Kiingereza kikikupotea sema "Swahili", wakutafutie mkalimani, usikate simu.

Polisi wanapofika hawajui nani mwizi nani mwenye nyumba. Wanaona mtu mweusi, usiku, na silaha ndefu. Uwe umeiweka chini kabla hawajaingia, mikono mitupu na inaonekana. Hata ukiitwa kwa ukali, fanya polepole kile tu unachoambiwa. Ukiwa umefyatua, mwambie askari kwamba ulivamiwa, mwonyeshe ushahidi na mashahidi walipo, kisha sema unataka wakili. Maelezo marefu yangoje.

Kuna mtu nyumbani mwenye huzuni nzito, amekata tamaa.

Itoe bunduki nyumbani leo. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu waliojiua, na sisi tuna waliopitia vita, makambi, talaka, upweke wa baridi na bili. Mpe ndugu unayemwamini na anayeruhusiwa kisheria, au uliza duka la bunduki au kituo cha polisi kama wanahifadhi. Majimbo mengine yana sheria juu ya kumkabidhi mtu silaha, hivyo uliza kwanza, lakini uliza leo. Simu ya 988, ya msaada kwa anayefikiria kujiua, inapokea saa zote, na unaweza kuomba mkalimani. Usione haya kuuliza moja kwa moja, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo.

Niliwahi kuwa na kesi ya ugomvi na mke wangu.

Hukumu ya ukatili wa nyumbani, hata ya kosa dogo, inakuzuia kumiliki bunduki chini ya sheria ya mwaka 1996. Amri ya mahakama ya kumlinda mwenzio nayo inaweza kukuzuia, na Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha katazo hilo Juni 2024. Usimtumie shemeji akununulie. Hilo ni kosa lenu wote wawili.

Nifanye mazoezi kiasi gani?

Anza na darasa la msingi, au kozi ya usalama ya wawindaji inayotolewa na jimbo. Baada ya hapo nenda uwanjani kila unapoweza, ukiwa na miwani na viziba masikio, kwa sababu mlio wa shotigani unapita desibeli 150 na sikio lililoharibika halirudi. Nawa mikono na uso kabla ya kula. Vumbi linalotoka ukifyatua lina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Nyumbani fanya mazoezi ya kufungua kasha, kukoki na kujaza kwa risasi bandia za plastiki, zile halisi zikiwa chumba kingine. Mazoezi ya familia kukimbilia chumba kimoja fanyeni na watoto, bila bunduki.

Nyumba ni ya kupanga. Inaruhusiwa?

Inategemea jimbo na mkataba wako. Usome mkataba wote.

Nikirudi nyumbani Afrika, naweza kuitia kwenye kontena pamoja na gari?

Usithubutu. Kutoa bunduki Marekani bila kibali cha kuisafirisha ni kosa kubwa la jinai, na upande wa pili Mombasa au Dar es Salaam utakuwa umeingiza silaha bila leseni. Kuificha ndani ya friji au chini ya viti kunaongeza tu mashtaka. Vilevile risasi zilizosahaulika kwenye begi la safari. Likague begi lako kila mfuko kabla ya uwanja wa ndege. Ukihama moja kwa moja, iuze kwa duka lenye leseni na udai risiti yenye namba ya bunduki, uiweke pamoja na hati zako nyingine.